Hesabuni kompyuta zenu vizuri kabla hamjamkata mtu mshahara

Mhariri, habari za kazi. Naomba nafasi kwenye ukurasa wenu wa barua. Najua itakuwa ndefu, ila naomba msiikate sana maana jambo lenyewe limenikaa rohoni muda mrefu, na nimeona nikiliandika kifupi watu watadhani naongelea vifaa tu wakati mi naongelea mtu.

Nafanya kazi ya stoo na ugavi hapa Dodoma, kwenye taasisi ya binafsi ambayo sitaitaja jina. Kazi yangu ni kupokea vitu, kuviandika kwenye leja, kuvigawa, na mwisho wa mwaka wa fedha kuvihesabu. Barua hii inahusu huko kuhesabu, hasa kuhesabu kompyuta, na inahusu kile kimashine kinachopiga mwanga mwekundu ambacho wengi tumezoea kukiona kaunta ya supamaketi, skana ya bakodi. Mi naamini kila ofisi yenye kompyuta zaidi ya 20 inatakiwa iwe nacho, na sababu yangu sio mambo ya kisasa wala nini, sababu ni mama mmoja mhudumu wa ofisini kwetu.

Mwaka 2019 ofisi yetu ilihama kutoka Dar kuja Dodoma, ndo kile kipindi kila mtu anahama, serikali imeshakuja huku na sisi ambao kazi zetu nyingi zinategemea wizara tukaona tufuate. Tulikuja na malori mawili. CPU tulizifunga kwenye mablanketi, monita tukazipanga katikati ya magodoro, nyaya zote kwenye viroba. Listi ya kuhamia niliiandika mimi mwenyewe kwa mkono, karatasi tatu, hadi leo ninayo: CPU 41, monita 43, laptopu 28, printa 9, projekta 2. Basi, hamna serial namba (ile namba ya kiwandani ambayo kila kifaa kinayo yake), hamna nani anatumia ipi, hamna chumba. Malori yalipofika tukahesabu, 41 zikawa 41, 28 zikawa 28, tukasaini tukaendelea na maisha. Wiki mbili baadae vitu vingine vikapelekwa tawi la Morogoro kwa karatasi nyingine ya namna ileile.

Ukihesabu kwa idadi tu unakuwa hujahesabu. 28 itabaki 28 hata kama mtu katoa laptopu nzima akarudisha mbovu ya shemeji yake, na itabaki 28 hata kama moja ya Dodoma imeenda Morogoro na moja ya Morogoro imekuja Dodoma. Hilo mi nilikuja kulielewa kwa gharama ya mtu mwingine, na ndo linaloniuma.

Mwezi wa tatu 2021 ofisa mmoja karudi likizo anasema laptopu yake haipo. Ikatafutwa siku mbili. Nikaulizwa leja inasemaje, leja yangu imeandika "laptopu nyeusi, 1" na laptopu nyeusi pale ofisini zipo zaidi ya ishirini. Sasa nani mwenye funguo za vyumba vyote? Ni huyo mama, ambaye anafungua saa 12 asubuhi, anafagia, anadeki, anachemsha chai, na jioni ndo wa mwisho kutoka. Akaitwa kwenye kikao. Akasema hajachukua. Hakuna aliyemuuliza swali la pili. Akaambiwa achague, asaini akatwe mshahara au aende akaeleze polisi, akasaini. Laptopu ilinunuliwa 2017 kwa shilingi 2,000,000, basi deni likaandikwa 2,000,000, kila mwezi 100,000 mpaka liishe, na mshahara wake kwa mwezi ulikuwa 320,000. Mwezi wa tano akauza cherehani yake aliyokuwa anashonea vitenge jioni, ili mtoto abaki shule. Nilimuona siku anaileta kwa mnunuzi, imefungwa kwenye baiskeli, na mi nilijua kwamba karatasi ambayo ingeweza kumtetea ni ile ambayo nilitakiwa kuiandika 2019 na sikuiandika.

Mwanzoni mwa 2022 akaja mhasibu mpya, dada mmoja makini sana. Wiki ya kwanza akaniomba rejista ya mali, nikampa leja, akaipekua akanirudishia akaniambia kaka hii ni daftari la kumbukumbu, rejista ni kitu ambacho nikisoma mstari mmoja naweza kwenda moja kwa moja mpaka kwenye kifaa chenyewe nikakishika. Akaomba fedha kidogo, tukanunua skana moja ya waya kutoka Kariakoo na rolu za stika, vyote kwa pamoja havikufika robo ya bei ya laptopu moja. Alafu tukaanza.

Sasa naomba nieleze inavyofanya kazi, maana nimeongea na watu wa ofisi nyingi na nimeona wengi wanaikwepa kwa kudhani inahitaji programu kubwa na mtaalamu kutoka nje. Ile mistari myeupe na myeusi haina habari za kompyuta yako. Haina bei, haina jina la mtumiaji, haina chumba. Ni namba tu, imeandikwa kwa namna ambayo jicho la mashine linaisoma bila kukosea, habari zote zipo kwenye rejista na namba ndo inakupeleka huko. Na skana yenyewe kwa kompyuta ni kama kibodi. Unachomeka USB, unafungua Excel, unaweka kishale kwenye kisanduku, unapiga mwanga, namba inajiandika yenyewe na inashuka mstari wa chini kama vile umebonyeza Enter. Hamna kingine. Wala sio teknolojia ya jana, Mmarekani mmoja Norman Joseph Woodland alilichora wazo hilo kwa vidole kwenye mchanga wa ufukweni kule Miami, akichukua nukta na vistari vya Morse na kuvirefusha viwe mistari, yeye na mwenzake Bernard Silver wakaomba hataza (haki ya kisheria ya mgunduzi) 1949 wakaipata 1952, na tarehe 26 Juni 1974 paketi ya chingamu ya Wrigley's ikapigwa skana kwenye duka moja mjini Troy, Ohio. Nusu karne imepita na zaidi, na kijana wa duka la dawa mtaani kwangu anaitumia kila siku.

Faida ya kwanza niliyoiona ni kwenye serial namba. Hizi namba za watengenezaji ni ndogo, zimeandikwa chini ya laptopu au nyuma ya CPU kwa wino wa kijivu, unainama na tochi ya simu, unamsomea mwenzako anaandika, na hapo ndo sifuri inakuwa O, 8 inakuwa B, 5 inakuwa S, 1 inakuwa I. Tuliwahi kuandika kwa mkono serial za chumba kimoja, vifaa 14, tulipokuja kuvipiga skana tukakuta vinne tumevikosea. Skana ikisoma imesoma, ikishindwa inanyamaza, maana kwenye bakodi nyingi hizi za ofisini kuna alama ndani yake ya kujihakiki.

Lakini na sisi tulikosea, tena makosa ambayo naomba wengine wasiyarudie. Siku ya kwanza tulianza na maboksi ya monita mpya 12, tukapiga bakodi kubwa iliyopo kwenye boksi, piii piii piii, tukafurahi kazi inaenda haraka, kuja kuangalia mistari yote 12 ina namba moja. Ile bakodi kubwa ni ya bidhaa, ndo inayosomwa dukani, kila monita ya aina ileile inayo ileile. Ya serial ni nyingine, mara nyingi ndogo, pembeni yake kuna herufi S/N. Kwenye boksi moja unaweza kukuta bakodi nne tano, na usipojua unayopiga ni ipi utaandika rejista nzima ya uongo kwa kasi ya ajabu. Na tukiwa hapohapo kwenye namba za bidhaa, nimesikia ofisi zikiambiwa zikajisajili na kulipia ndo ziruhusiwe kuweka bakodi kwenye mali zao. Sio hivyo. Usajili ni kwa anayeuza bidhaa, ndo wale ambao namba zao zikitolewa kupitia Tanzania zinaanza na 620 na kupitia Kenya zinaanza na 616. Kompyuta yako ya mezani huiuzi supamaketi, jitungie namba yako mwenyewe na uiprinti.

Kosa la pili ni Excel, na hili lilitupotezea siku nzima. Excel ikiona tarakimu inadhani unataka kupiga hesabu. Namba inayoanza na sifuri inaikata sifuri zake. Namba yenye tarakimu zaidi ya 15, zile za mwisho inazigeuza sifuri. Na serial yenye tarakimu alafu herufi E alafu tarakimu, mfano 48E07, inadhani ni hesabu ya kisayansi inakuandikia 4.80E+08. Dawa ni kuiweka safu nzima kuwa Text kabla hujapiga skana hata moja, maana ukibadilisha baadae namba imeshaharibika hairudi, inabidi urudi chumbani ukapige upya. Namba zetu wenyewe tukaamua zianzie 10001 ili kusiwe na sifuri mbele, na hatukuweka herufi za idara ndani ya namba kwa sababu idara zinaunganishwa na kubadilishwa majina kila uongozi ukibadilika na kompyuta inahama meza, namba inatakiwa ibaki ileile mpaka siku kifaa kinauzwa.

Alafu stika. Hapa naomba wanaofanya manunuzi wanisikilize vizuri. Stika tulizonunua mwanzo zilikuwa za karatasi ya joto, karatasi ileile ya risiti ya EFD. Wote tunajua risiti ya EFD ukiiweka kwenye waleti miezi michache inabaki karatasi nyeupe. Sasa we unabandika karatasi hiyo nyuma ya CPU, pale feni inapotolea hewa ya moto, Dodoma, mwezi wa kumi na moja. Ndani ya msimu mmoja karibu theluthi ya stika zilikuwa hazisomeki. Na zile ambazo joto halikuzifikia ziliharibiwa na sanitaiza watu wanazofutia meza. Tulirudia kazi yote kwa stika za plastiki zinazoprintiwa kwa utepe wa wino, na hizo mpaka leo zinasoma. Ni ghali kidogo, lakini kubandika mara mbili ni ghali zaidi.

Na pa kubandika pia pana akili yake. Usibandike kwenye betri ya laptopu, betri inabadilishwa. Usibandike kwenye mfuniko wa pembeni wa CPU, fundi akifungua mbili kwa pamoja anaweza kuirudishia hii mfuniko wa ile. Usibandike kwenye mguu wa monita, mguu unatoka. Usiifunike serial ya mtengenezaji. Na usiweke sehemu ambayo mhesabuji atalazimika kuvuta meza, maana atachoka kwenye chumba cha tatu na kuanzia hapo ataanza kukisia. Sisi tunaweka juu kulia mbele kwenye CPU na monita, na kwenye laptopu pembeni ya sehemu ya kuwekea viganja. Kwenye rejista kila kifaa kina namba zote mbili, ya kwetu na serial ya kiwandani, kwa sababu stika yetu inaweza kubanduliwa ikabandikwa kwingine lakini serial inasomeka mpaka ndani ya kompyuta yenyewe.

Kitu kilichotusaidia kuliko vyote ni stika za milango. Kila chumba kina stika yake kwenye fremu ya mlango, ndani, kwa juu ya swichi ya taa. Ukiingia unapiga ya mlango kwanza, alafu unapiga vifaa vyote vya humo, unatoka. Kwaiyo kwenye faili vifaa vinajipanga chini ya chumba chake na hakuna mtu anaandika kwa mkono hiki kipo wapi. Vifaa 300 na ushee ambavyo zamani tulikuwa watu watatu kwa siku tisa, sasa ni watu wawili kwa siku mbili.

Ndo tukafika Morogoro, mwishoni mwa mwezi wa pili 2022. Kabla ya kwenda yule dada mhasibu alikuwa ameshachimba maboksi ya stoo akatoa invoisi na deliveri noti za nyuma mpaka 2016, na kwenye deliveri noti wauzaji wengi wanaandika serial, akaziingiza zote kwenye faili na jina la aliyekabidhiwa pale ambapo lilijulikana, tukaweka fomula kwamba ukipiga serial na ipo kwenye orodha ya manunuzi basi jina litokee pembeni. Chumba cha mwisho kilikuwa ni cha mikutano, kuna kabati la chini, ndani kuna boksi la printa, nikalifungua kwa sababu tulikubaliana kila boksi linafunguliwa. Ndani kulikuwa na laptopu na chaja yake. Nikaigeuza nikapiga skana, na jina lililotokea pembeni ni la yule ofisa wa Dodoma.

Nilikaa kwenye kiti. Kumbe ilipelekwa Morogoro kwa ajili ya semina Novemba 2020, dereva aliibeba, hakuna karatasi iliyosainiwa, semina ikaisha mtu akaiweka kabatini ili isiibiwe, na mwenyewe ofisa alikuwa amesahau kwamba aliiazimisha. Haikuibiwa. Hakuna mtu yeyote aliyeiba chochote. Na huyo mama alikuwa ameshakatwa miezi 11, shilingi 1,100,000.

Alirudishiwa, kwa awamu mbili. Cherehani haikurudi. Na lile jina la mwizi alilotembea nalo mwaka mzima kwenye korido, watu wakimuona wanafunga droo, halikufutwa kwenye kikao chochote, aliitwa ofisini akapewa bahasha. Niliomba itolewe taarifa kwa wafanyakazi wote kama vile tuhuma ilivyotolewa mbele ya wafanyakazi wote, nikaambiwa yameisha. Mi naona hayajaisha.

Naomba niongee na waajiri wenzetu kuhusu hela yenyewe. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004, kifungu cha 28, haijamruhusu mwajiri kukata tu. Kwa hasara au uharibifu mfanyakazi lazima akubali kwa maandishi, hasara iwe imetokea akiwa kazini na kwa kosa lake, apewe notisi ya maandishi yenye sababu, kiasi na jinsi kilivyokokotolewa, apewe nafasi ya kupinga, kiasi kisizidi hasara halisi, na makato yote yasizidi robo ya ujira wake. Chukueni huo mshahara wa 320,000, robo yake ni 80,000, alikatwa 100,000. Na hasara halisi ni ipi? Kompyuta kwenye sheria ya kodi ya mapato ipo daraja la kwanza, inachakaa kwa asilimia 37.5 kila mwaka ya thamani iliyobaki. Laptopu ya 2,000,000 baada ya mwaka ni 1,250,000, mwaka wa pili 781,250, wa tatu 488,281, wa nne ni kama 305,000. Najua hiyo ni hesabu ya kodi na sokoni bei inaweza ikawa juu kidogo au chini, lakini hamna hesabu yoyote duniani inayofanya laptopu ya miaka minne ichajiwe bei ya mpya. Na yote hayo, tarehe ya kununua, bei, thamani ya leo, yalitakiwa yawe kwenye mstari mmoja wa rejista ambao ungetokea kwa kupiga namba moja.

Sisemi skana inamaliza kila kitu. Inakuambia stika ipo, haikuambii ndani kuna nini. Mtu anaweza kutoa RAM, yaani kumbukumbu ya ndani ya kompyuta, ya GB 8 akaweka ya GB 4, akatoa diski akaondoka nayo, stika ikabaki inalia piii kama kawaida, na diski ndo yenye taarifa za watu, ambazo toka Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 ni wajibu wa ofisi kuzilinda. Kwaiyo kila tunapohesabu tunachagua kama mashine kumi bila kutangaza, tunaziwasha, kijana wa IT anaangalia serial inayotoka kwenye mashine yenyewe pamoja na ukubwa wa RAM na diski tunalinganisha na rejista. Na kuna mchezo mwingine ambao niliuona kwenye ofisi moja nilikoenda kusaidia, stika zote zimeprintiwa nakala kwenye karatasi za A4, mhesabuji anakaa kwenye kiti anapiga karatasi moja baada ya nyingine, nusu saa amemaliza jengo zima. Faili linatoka safi kabisa na hakuna chumba kilichofunguliwa. Ndo maana lazima wawe wawili, mmoja asiwe mtunzaji wa hivyo vitu, na faili liandike muda wa kila kifaa kupigwa, ukiona vifaa 60 vya ghorofa tatu vimepigwa ndani ya dakika tano unajua.

Ofisi ndogo zisizo na hela ya skana zinaweza kuanza na simu. Kamera ya simu inasoma bakodi na inasoma QR, ile alama ya mraba yenye vidoti, vizuri zaidi, na QR ina uvumilivu, hata ikichanika kidogo mara nyingi bado inasoma. Watu wanadhani QR ni kitu cha kulipia hela, lakini iliundwa Japani 1994 na kampuni ya Denso Wave kwa kazi hiihii ya kufuatilia vipuri vya magari kiwandani. Tahadhari tu skana nyingi za bei nafuu za mwanga wa leza hazisomi QR, kwaiyo amua mapema unatumia ipi kabla hujaprinti stika mia tatu.

Kingine kidogo lakini ndo kiini cha yote yaliyotukuta, ni getini. Kifaa kikitoka kwenda semina, kwa fundi, nyumbani kwa ofisa, kipigwe skana kikitoka na mtu anayekibeba asaini, kikirudi kipigwe tena. Sisi tuna daftari na simu moja pale kwa mlinzi. Inachukua sekunde. Kama ingekuwepo Novemba 2020 nisingekuwa naandika barua hii.

Ombi langu ni kwa wakurugenzi na maofisa utumishi, msimuite mtu yeyote kwenye kikao cha upotevu kabla hamjahesabu ofisi zote na matawi yote kwa namba, chumba kwa chumba, boksi kwa boksi. Na kwa wafanyakazi wenzangu, hasa wahudumu, walinzi, madereva, makarani, ukiambiwa unadaiwa kifaa omba kwa heshima uonyeshwe serial yake, tarehe kilipokabidhiwa kwako na sahihi yako, tarehe kilipohesabiwa mara ya mwisho na thamani yake ya leo, na kama hawana, usisaini siku hiyo, nenda kwa chama chako cha wafanyakazi kwanza.

Mwaka huu tunahesabu wiki ya mwisho kabla ya tarehe 30 Juni. Nimeomba mmoja wa watu wawili awe huyo mama, mwenzake ni kijana wa IT, na uongozi umekubali. Nilimfundisha skana nusu saa tu akaelewa, na hakuna mtu kwenye jengo lile anayezijua kabati zote kama yeye. Juzi ameniuliza kama viti na meza navyo vitapigwa, nikamwambia mama bado, lakini baada ya kuona hali ya leja ya samani nimeanza kuprinti stika zake.

Ni mimi msomaji wenu,
Ofisa ugavi, Dodoma